"Komaa, Mkuu": Tunapotiana Moyo, Tunapeana Nini?

Watu wanaofufua magari ya kale wana neno moja wanalolitumia kuliko spana. Neno lenyewe ni "komaa". Mtu akionesha injini aliyoifumua na kuitandaza juu ya maboksi, anaambiwa komaa. Akisema kabureta aliyoagiza imekuja siyo, komaa mkuu. Akilalamika kwamba fundi bodi kala hela na simu hapokei, anapewa pole kidogo, halafu anamaliziwa na lile lile: komaa kaka, utafika tu, sote tumepita huko.

Ni neno zuri. Limeokoa magari mengi na pengine watu wengi zaidi. Lakini nimekaa nalo muda mrefu na kuna swali haliniondoki kichwani. Mtu anapomwambia mwenzake "komaa", anampa nini hasa? Anampa nguvu, au anamkopesha deni litakalokuja kulipwa na mtu mwingine kabisa?

Kwa asiyeijua kazi hii, niieleze kidogo, maana bila kuijua swali litaonekana la kuchezea maneno.

Chukua Land Rover ya zamani, zile za Series, ambazo vijijini zilibeba kila kitu kuanzia bwana shamba hadi maiti. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonesho ya Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ikiwa bado inajikongoja kutoka vitani na chuma kikiwa cha mgawo. Kwa sababu hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, ambao haushiki kutu. Chini ya bodi hiyo ikawekwa chesisi ya chuma. Hapo ndipo ulipo mtego. Land Rover ya miaka 50 inaweza kukutazama kwa uso mzuri tu, imebonyea hapa na pale lakini nzima, kumbe chesisi imeoza kutoka ndani kwenda nje. Chesisi hiyo ni kama bomba la pembe nne: maji na tope vikishaingia, havitoki. Ukiwa Tanga au Mombasa, chumvi ya bahari inaongeza kasi. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe nayo inaliwa taratibu, inageuka unga mweupe.

Mnunuzi wa mara ya kwanza haoni hayo. Anaona boneti, anaona lile gurudumu la akiba lililokaa juu yake, anasikia harufu ya utoto. Anatoa hela. Wiki mbili baadaye gari limefumuliwa.

Kufumua ni kazi ya wikiendi mbili, redio ikiwa pembeni. Kufunga ni kazi ya miaka. Na katikati ya miaka hiyo kuna kipindi kigumu kuliko vyote, pale gari linapokuwa baya kuliko siku lilipoletwa. Lilikuja likitembea, japo kwa kukohoa. Sasa halina hata miguu. Boliti ziko kwenye makopo ya maziwa ya unga, na yale maandishi ya kalamu yaliyosema ipi inakwenda wapi yamefutika. Wengi huishia hapo. Gari linabaki juu ya mawe, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma, jirani anauliza kama linauzwa kwa kilo. Mkweche.

Katika kipindi hicho hakuna hesabu inayoweza kumfanya mtu aendelee. Hesabu zote zinamwambia aache. Kwa hela hiyo hiyo angepata gari la mtumba kutoka Japani lenye kiyoyozi, na chenji ingebaki. Kitakachomwendesha hakimo kwenye hesabu, na mara nyingi hakimo hata ndani yake. Anaazimwa na wenzake. Ndiyo maana watu hawa hukutana, huoneshana kazi zao, huitana wakuu. Tamasha la Land Rover lililoijaza Arusha mwezi Oktoba 2024, au yale mashindano ya urembo wa magari yanayofanyika kila mwaka kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong pale Nairobi, ni sikukuu za kile kinachotendeka mwaka mzima nyuma ya nyumba za watu: mtu mmoja aliyekata tamaa anaambiwa na mwingine kwamba bado.

Nianze kwa kulitetea neno hilo, kwa sababu wapo wanaolidharau.

Wanaolidharau husema "utamaliza tu" ni utabiri usio na ushahidi. Aliyejuaje? Kaona wapi? Kwao hiyo ni uongo wa adabu. Nadhani wanakosea kuhusu aina ya sentensi iliyosemwa. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika kitabu kilichotoka mwaka 1962 baada ya kifo chake, alieleza kwamba maneno mengi hatuyatumii kueleza jambo, tunayatumia kutenda jambo. Mzee anaposema "nimekuoza binti yangu", hatoi taarifa, anaoza. "Utamaliza tu" nayo ina sehemu ya namna hiyo. Msemaji hatabiri hali ya hewa. Anasukuma.

Na kusukuma tunakujua. Gari likizimika barabarani starta ikagoma, watu watano wanajitokeza kutoka pasipojulikana, wanaweka mabega. Hakuna anayeuliza kwanza kama gari lina bima au kama mwenyewe anastahili. Kiswahili kimeliweka vizuri: tunatia moyo kama tunavyotia maji kwenye rejeta. Moyo ni kitu kinachopungua, na kinaweza kuongezwa na mkono wa mwingine. Mtu hajitoshelezi kwa moyo, kama gari lisivyojitosheleza kwa maji.

Historia ya magari ya Afrika Mashariki yenyewe imejengwa kwa mabega ya namna hiyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mara nyingi ilipita katikati ya tope la masika. Watu wa vijiji walitoka kuyasukuma magari ya madereva wasiowajua. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda mashindano hayo kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda kabla haijafika mikononi mwao. Mtu wa hesabu angewaambia nini? Baada yao, Bert Shankland, dereva wa Tanzania, akashinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari la familia tu ambalo wajomba wengi walienda nalo kazini. Leo ukimwona mtu anahangaika na 404 iliyooza milango, elewa kwamba hadithi kama hizo zimo kichwani mwake, na ana haki nazo.

Sawa. Ila hadithi hizo hizo zina upande ambao hatuusimulii.

Katika Safari Rally ya mwaka 1963, na tena katika ile ya 1968, yaliondoka magari zaidi ya 80. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7. Miaka yote miwili, 7. Tunawakumbuka wale saba, wakapewa na majina ya sifa. Yale mengine yalibaki kwenye tope na mitaro, na hayana msimulizi. Kutiana moyo kuna tabia hiyo hiyo. Anayesema "sote tumepita huko" ni yule aliyepita. Aliyeshindwa hayupo kwenye kikao. Aliondoka kimya kimya na spana zake akaziuza. Kwa hiyo ushahidi tunaoutumia kumtia mtu moyo ni wa upande mmoja tangu mwanzo, hata kama kila anayesema anasema kweli kabisa kuhusu nafsi yake.

Tumchukulie mtu, tumwite Fulani, maana kila kundi linaye. Fulani ana miaka 41, mshahara wa kawaida, watoto watatu, na Land Rover Series III iliyokaa nyuma ya nyumba mwaka wa nne sasa. Ameshaweka humo milioni 9. Chesisi imeoza sehemu tano. Kila anapoonesha kipande kipya cha kazi, anaambiwa komaa mkuu. Mwaka huu alikuwa na hela mbili mezani: ya ada na ya gia boksi. Usiku alikaa na wenzake, wakamwambia ukikosa hiyo gia boksi sasa hutaipata tena. Ikanunuliwa gia boksi.

Waliompa moyo walitoa nini? Neno. Nani alilipa? Mtoto aliyekaa nyumbani muhula mmoja na mama yake aliyekwenda kuomba shuleni apewe muda. Hao hawakuwa kwenye kikao. Sisi waandishi wa habari tunafundishwa kutafuta upande wa pili kabla ya kuchapa, na katika jambo hili upande wa pili karibu kila mara uko ndani ya nyumba, unapika, unasikia nyundo uani na kujua kila pigo ni shilingi ngapi. Waswahili husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kweli, lakini mwiba huu haumchomi aliyeukanyaga peke yake.

Kiswahili kina jina la sifa inayotolewa bila gharama: kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu. Ukivikwa, unajiona umevikwa kilemba. Jua likipanda yananyauka, unabaki na majani kichwani mbele za watu. Na tuna onyo la pili, la mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye gereji maji hayo yana jina: puti. Fundi anayesifiwa mno kwa mng'ao wa rangi hujifunza kwamba watu wanatazama rangi. Kesho kutu haikati wala hachomelei chuma kipya. Anaipaka puti, anapiga msasa, anapuliza rangi, na sifa zinakuja vile vile. Gari hilo litaingia barabarani na watu ndani. Sifa iliyoanza kama adabu imekuwa chesisi inayoweza kukatika kwenye mteremko.

Kwa hiyo kuna watu wa tatu wawili katika kila "komaa": wa nyumbani anayelipa, na wa barabarani anayeweza kugongwa. Nikiwaweka hao mezani, siwezi tena kusema kutia moyo ni wema siku zote.

Basi tuseme kweli tu? Wengi watakumbuka hapa jina la Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako kajificha wapi, huna ruhusa ya kumdanganya. Kwa kipimo hicho Fulani angeambiwa zamani: chesisi yako imekufa. Lakini Kant huyo huyo, katika barua kwa Moses Mendelssohn mwaka 1766, alikiri kwamba kuna mambo mengi anayoyaamini kwa dhati ambayo hatakuwa na ujasiri wa kuyasema, ila hatasema kamwe asichokiamini. Nafasi hiyo iliyopo kati ya kutodanganya na kusema kila kitu ndipo tunapoishi wengi wetu. Tunakaa kimya. Tunatazama chesisi ya Fulani, tunaona, tunasifia rangi. Hatukusema uongo wowote. Rangi kweli ilikuwa nzuri.

Lakini kimya katika kundi la wanaosifu hakibaki kimya. Watu kumi wakisema "kazi nzuri" na wewe unayejua usiseme lolote, Fulani anahesabu kumi na moja.

Na tusijifanye hatujui kwa nini tunanyamaza. Kundi lililojengwa kwa kutiana moyo linamwadhibu anayeleta habari mbaya. Shaaban Robert aliliona hilo mapema. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, nchi inatuma wajumbe pande zote. Wanarudi na waliyoyaona huko, na malipo yao ni kifungo. Sisi hatufungi mtu. Tunasema tu "huyu naye kila siku kuvunja watu moyo", na safari ijayo hatumwiti. Adhabu ndogo, inatosha kabisa.

Sasa nije kwa mtu aliyenisaidia kuliko wengine kulifikiria jambo hili, naye ni Plutarch, Mgiriki wa karne ya kwanza. Wapenzi wa falsafa wanamjua kwa meli ya Theseus: Waathene waliitunza meli ya shujaa wao kwa kutoa kila ubao uliooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika kama ile bado ni meli ile ile. Kila mwenye gari la kale amelikuta swali hilo bila kumsoma Plutarch. Umebadilisha injini, milango, sakafu, chesisi. Sasa hili ni gari la babu au ni gari lingine lenye namba ya babu?

Wachache wanakumbuka kwamba Plutarch huyo huyo aliandika insha ndefu kuhusu namna ya kumtofautisha rafiki na mtu wa kujipendekeza. Anasema mtu wa kujipendekeza ni kinyonga: anaiga kila rangi isipokuwa nyeupe. Ataiga ucheshi wa rafiki, msaada wa rafiki, hata ukali wa rafiki katika mambo madogo yasiyouma. Asichoweza kukiiga ni kukwambia jambo moja zito ambalo hutaki kulisikia, kwa wakati unaofaa, kwa ajili yako. Na Plutarch hamsifu msema ovyo pia. Anataka ukweli utolewe kama dawa, kwa kipimo na kwa saa yake.

Nadhani maandishi hayo mawili ya Plutarch yanasaidiana, na kesi moja ya magari inaonesha namna gani. Mwaka 1990 mahakama ya London ilisikiliza shauri la Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mnunuzi alikuwa amekubali kuilipia pauni milioni 10, kisha akagoma akidai si gari lenyewe. Na kweli, gari hilo lilikuwa limeundwa upya mara kadhaa. Kulikuwa na ajali mbaya ya mwaka 1932 iliyomuua dereva wake. Karibu hakuna chuma cha 1929 kilichobaki. Jaji Otton aliamua kwamba ndilo. Hoja yake ilikuwa mwendelezo: gari halikuwahi kutoweka likaundwa lingine kwa jina lake, lilibadilika hatua kwa hatua, na historia yake haikukatika.

Kwa maneno mengine, kinachofanya gari liwe lile lile ni kwamba kila ubao ulipotolewa kulikuwa na anayejua ulikuwa upi, ulioza vipi, na uliwekwa nini badala yake. Historia inahitaji shahidi. Na shahidi hafai kitu kama alikuwa anatazama rangi tu.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Moyo anaonitia mtu una thamani sawasawa na kiasi anachokijua cha kazi yangu. Ukitaka kujua chesisi ya Land Rover ikoje, unalala chini yake na nyundo ndogo, unagonga hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na wakati mwingine nyundo inaingia. Mtu aliyelala chini ya gari lako, akagonga, akatoka na vumbi la kutu machoni, halafu akasema "komaa, hii inawezekana, ila ondoa kwanza kipande hiki cha nyuma chote", huyo amekupa kitu. Na mtu huyo huyo akisema "kaka, hii haifai", amekupa kitu vile vile. Maneno yote mawili yametoka sehemu moja. Yule aliyesimama mbele ya boneti na kusema "komaa" amekupa ukoka.

Mtu atasema kipimo hiki kinawanyima wageni haki ya kutia moyo. Mke asiyejua tofauti ya pistoni na beringi asimwambie mumewe jipe moyo? Hapana, anayo haki, tena kubwa, kwa sababu yeye amelala chini ya gari kwa namna nyingine: anajua gari hilo linagharimu nini kwenye nyumba ile. Kujua si lazima kuwe kwa chuma. Rafiki wa utotoni anayejua kwamba huwa unaanza mambo kumi na kumaliza moja naye amegonga mahali.

Na kipimo hicho hicho kinamkamata mtu wa pili ambaye hatumtaji sana: mkatishaji tamaa. Yule anayepita uani kwako na kusema "hicho chuma chakavu, uza kwa kilo" anajiona msema kweli, mpenzi wa Mungu. Muulize kama amelala chini. Hajalala. Naye anahukumu kwa kutazama boneti, tofauti ni kwamba ameona kutu ya juu badala ya rangi. Msifu wa bure na mkatishaji wa bure ni ndugu. Kila mmoja amejiepusha na kazi ya kuangalia. Magari mengi mazuri tunayoyapigia makofi leo yalihukumiwa kufa na watu wa aina hiyo, na wakati mwingine chesisi ilikuwa nzima kabisa.

Linabaki jambo gumu kuliko yote. Rafiki amelala chini, amegonga, ametoka, na jibu ni hapana. Haifai kwa hela uliyo nayo, kwa miaka uliyo nayo, kwa watoto ulio nao. Wachumi wana onyo la zamani kwamba fedha iliyokwisha kutumika isikuamulie inayofuata, na wako sahihi, lakini mjaribu kumwambia hivyo mtu ambaye milioni 9 zake ziko uani na zina usukani.

Katika kundi la "komaa", kuacha hakuna neno zuri. Mtu akiacha ameshindwa, basi. Nadhani hapo ndipo kundi linapowakosea watu wake zaidi, kwa kuwapa moyo wa aina moja tu. Kuna moyo wa kuendelea na kuna moyo wa kuachia, na wa pili mara nyingi ndio mzito. Na hapa ile kesi ya Bentley inatoa faraja ambayo sijaisikia ikitolewa kwenye gereji zetu: mwendelezo wa gari haukuhitaji mwenyewe awe mmoja. Lilipita mikono mingi likabaki lile. Fulani akimpa mwingine Land Rover yake, pamoja na makopo ya boliti na daftari la kila alichofanya na kila alichokikuta, hajaiua. Amekuwa sehemu yake. Hata likichinjwa, injini ikaenda kwenye gari moja na milango kwenye lingine, kuna magari mawili yatakayotembea kwa sababu yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Najua kuna gari ambalo maneno haya hayalifikii. Ni lile la baba. Mtu anayefufua 404 ya baba yake aliyefariki hafanyi hesabu ya chuma, na ukimwambia "uza" unamsikitisha bure. Hata huyo, hata hivyo, anahitaji mtu wa kugonga. Pengine kipande kilichooza si cha gari. Pengine amejificha uani miaka mitatu kwa sababu ndani ya nyumba hakuna anayemtaja marehemu, na kila anapopaka grisi kuna mtu mwenye nia njema anamwambia komaa mkuu, utafika. Atafika wapi? Rafiki wa kweli angekaa naye kwenye ndoo iliyogeuzwa na kumuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani, na aliendeshaje. Gia boksi ingengoja.

Sitaki neno "komaa" life. Ningependa lipande bei. Siku hizi linatolewa kama salamu, na salamu haimgharimu mtu. Lingekuwa linasemwa na aliyetandika boksi chini, akawasha tochi, akaingia, wengi wangelisikia mara chache zaidi. Fulani angelisikia labda mara moja kwa mwaka, na mara moja hiyo ingetosha kumvusha. Mwaka ambao hangelisikia, angeuliza kwa nini, na kungekuwa na mtu wa kumjibu.